Kumbe Alikuwa Hajalala

Kipenga hakuhitaji jina kwenye karatasi ili amtambue mwanamume aliyekuwa amebakiza siku kumi na tisa amwoe. Aliitambua pua yake.

Ilikuwa saa moja asubuhi, na yeye alikuwa peke yake kwenye chumba cha picha cha hospitali, chai mkononi, macho maangavu utadhani ameamka saa nne zilizopita. Na kweli alikuwa ameamka saa nne zilizopita. Tangu utoto alikuwa hivyo. Kaka zake walimbandika jina la Kipenga kwa sababu alikuwa akifungua macho kabla ya ndege, na akishafungua yeye, nyumba nzima iagane na usingizi. Saa mbili usiku ikifika, naye anazimika hapo hapo alipo, awe mezani, awe mazungumzoni. Siku ya harusi ya kaka yake mkubwa alilala wima, kaegemea nguzo ya ukumbi, na picha zipo.

Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa nyepesi. Kulikuwa na daktari mtafiti aliyekuwa akilinganisha ubongo wa watu wanaopenda kuamka mapema na ubongo wa wale ambao akili zao huchangamka jua likishazama. Watu wa usiku walikuwa wakipigwa picha usiku na mwenzake wa zamu, mama mmoja mcheshi ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi. Asubuhi Kipenga alizipitia picha hizo na kuzitoa zile zilizotikisika, maana mtu akikohoa ndani ya mashine, au akikumbuka kukuna goti, basi picha nzima inakuwa ukungu mtupu. Watu wenyewe hawakuwa na majina. Walikuwa namba tu.

Namba ishirini na tatu alikuwa ametulia tuli. Si kawaida. Watu wengi wakiingizwa kwenye lile pipa linalogonga kama karakana, miguu huwacheza. Huyu hakucheza hata ukope. Ila kabla ya picha za ubongo, mashine hupiga moja ya kupimia, ya ubavuni, inayoonyesha kichwa kizima kuanzia utosini hadi kidevuni. Humo Kipenga akaona pua yenye kibonde kidogo katikati, na mdomo wa chini uliotangulia mbele ya wa juu, kama wa mtu ambaye wakati wowote atakubishia.

Aliubusu mdomo ule juzi. Aliweka chai chini kabla haijammwagikia.

"Haiwezekani," aliiambia kompyuta.

Haikuwezekana kwa sababu jana saa mbili usiku Popo, mchumba wake, alimpigia simu, akapiga miayo miwili mirefu na kusema, "Naingia kulala, mpenzi. Kesho tanuri." Na picha hii ilipigwa saa tatu na robo.

Sheria za utafiti alizijua vizuri. Alichoruhusiwa ni kuhakikisha kwamba namba ya picha inalingana na namba ya fomu, kisha afunge faili na aendelee na ishirini na nne. Akavuta fomu. Namba ililingana. Mwandiko nao ulikuwa ule ule mdogo uliolalia kushoto, wa zile barua kumi na moja alizozihifadhi kabatini mwake. Akaisoma yote, na kila jibu lilimkata maini.

Kama ungekuwa huru kabisa, ungeamka saa ngapi? Saa tano asubuhi.

Kwa sasa unaamka saa ngapi? Saa tisa na nusu alfajiri.

Nani au nini hukuamsha? Mchumba wangu. Hunipigia simu.

Unajisikiaje dakika ya kwanza baada ya kuamka? Hapo nafasi iliyoachwa ilikuwa mistari mitatu, naye alitumia maneno mawili tu. Kama nimefukuliwa.

Kipenga alikaa. Kwa muda wa mwaka mzima kasoro siku hizo kumi na tisa, kila alfajiri alikuwa akichukua simu kwa furaha, anaimba, anasema, "Popo wangu, dunia imeamka!" Na upande wa pili sauti ikajibu, "Nimeshaamka zamani, nilikuwa nakusubiri." Akaamini. Nani asingeamini? Mtu akipenda husikia anachotaka kusikia, na yeye alipenda bila breki.

Daktari mtafiti alimkuta koridoni, kabeba faili nyingi kuliko mikono yake. Kipenga akampokea nusu ya mzigo ili apate sababu ya kutembea naye.

"Daktari, samahani. Hawa watu wa usiku. Kuna kitu tunakiona kwao?"

"Mapema mno kusema, dada yangu."

"Lakini wengine walishaandika."

"Waliandika, ndiyo." Daktari alisimama kidogo, maana hakuna mtafiti asiyependa kuulizwa. "Kuna sehemu nyeupe ya ubongo, zile nyuzi zinazobeba habari kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kuna utafiti uliowahi kuona kwamba kwa watu wa usiku nyuzi hizo zina tofauti kidogo, kwenye baadhi ya maeneo. Tofauti ya kundi na kundi. Usichukue picha ya mtu mmoja ukamsomea bahati yake."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Wala si uvivu, japo ndivyo wanavyoambiwa tangu shuleni."

"Sasa tofauti hiyo inatoka wapi?"

"Ndilo swali lenyewe. Pengine wamezaliwa nayo. Pengine inatokana na kule kuamshwa kila siku kabla ya wakati wao, miaka nenda miaka rudi, mwili unadai usingizi na dunia inakataa. Hatujui. Yawezekana ni ya kwanza, yawezekana ni ya pili."

Daktari alichukua faili zake na kwenda zake. Hakujua kwamba amemwacha mtu nyuma amesimama kama mti, mkono kifuani, anajiuliza jambo moja tu. Ikiwa ni ya pili?

*

Saa sita mchana aliomba ruhusa akaenda kwa miguu hadi kwenye kiwanda cha mikate cha baba yake. Kiwanda ni neno la heshima. Palikuwa na duka mbele, tanuri katikati, na stoo ya unga nyuma. Baba yake alikuwa mwoka mikate tangu ujana, mtu wa maneno machache na mikono mipana, na Popo alipokwenda kuposa alipewa sharti moja. "Mimi sina shida na sura yako wala kazi yako," mzee alisema. "Ila mume wa binti yangu awe mtu wa alfajiri. Fanya kazi nami hapa tanurini mwaka mmoja, saa kumi kamili uwe umesimama hapa, usikose siku hata moja. Ukimaliza, binti ni wako na tanuri ni lako." Popo alikuwa msanifu wa kurasa za gazeti. Aliacha gazeti wiki ile ile. Kipenga alilia kwa furaha, akasema huyu ndiye mwanamume.

Alimkuta stoo, amelala juu ya magunia ya unga, aproni bado kiunoni, mdomo wazi. Kwenye mkono wa kulia alikuwa na kovu la moto la mwezi wa tatu, siku aliposinzia akiwa amesimama na mkono ukagusa mlango wa tanuri. Walimcheka sana siku ile. Kipenga naye alicheka. Sasa aliliangalia lile kovu, akaliangalia tena.

Akamgusa bega. Popo aliruka wima kabla macho hayajafunguka.

"Nimeamka! Nimeamka, baba, sijalala!"

"Ni mimi."

"Ah." Akajipangusa uso, akabaki na unga shavuni. Tabasamu likaja haraka, lile tabasamu lake la kazi. "Mpenzi. Mbona mapema? Nilijinyoosha mgongo kidogo tu."

"Jana saa tatu usiku ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala. Si nilikuambia?"

"Popo."

"Nilikuambia kwenye simu, nikapiga na miayo."

"Nimeiona pua yako."

Popo akacheka, kicheko kifupi kilichoishia njiani. "Shangazi aliapa kwamba ni namba tu. Akasema hata mama yangu mzazi asingenijua."

"Mama yako haangalii picha hizo kila siku." Kipenga alikaa kwenye gunia lililomwelekea. Alikuwa amejiandaa kuwa mkali, njia nzima alipanga maneno makali, na yote yalikuwa yamemtoka. "Ulikwenda kutafuta nini?"

"Nilitaka kumwuliza daktari swali moja. Sikuwa na jinsi nyingine ya kumfikia."

"Swali gani?"

Popo aliangalia viganja vyake. "Kama kuna dawa."

"Akasemaje?"

"Akasema siumwi."

Alilitamka kama mtu aliyerudishiwa majibu mabaya ya maabara. Kipenga aliuma mdomo.

"Na pale kwenye ile mashine," Popo akaendelea taratibu, "nilikuwa macho, Kipenga. Macho makavu kabisa. Ile saa, mimi ndiyo mimi. Akili inakwenda, maneno yanakuja, nachekesha hata mashine. Nikalala mle nikawaza, laiti angeniona sasa. Mwaka mzima hujaniona nikiwa mimi. Saa yangu ikifika wewe umeshazimika."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningekuambia nini, na wewe ulishaniambia umempata mwenzako?"

"Si nilikuona! Siku ile ya kwanza dukani, saa kumi na mbili kasoro, watu wanaingia macho yamegandana, wewe unaingia unapiga mluzi. Ukanitania kuhusu kofia yangu. Ukanunua mkate wa moto ukaula pale pale umesimama. Nikamwambia baba, yupo mtu mwingine duniani anayeamka kama mimi."

"Sikuwa nimeamka."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa natoka gazetini. Tulikuwa tumefunga ukurasa wa mwisho, nikapita kununua mkate nikalale." Alimtazama usoni, na macho yake mekundu yalikuwa na aibu ya mtu aliyekamatwa na kitu cha watu mfukoni. "Wewe ulikuwa unaianza siku na mimi nilikuwa naimaliza. Nilikuwa sijalala, Kipenga. Ukasema, 'Na wewe ni wa alfajiri!' Ulifurahi mno. Nikasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo moja tu, sikujua itanidai hivi."

Kule mbele mzee alikuwa akipanga mikate kwenye rafu, na trei zikilia moja baada ya nyingine. Kipenga alisikiliza trei nne zikipita. Alikuwa anajaribu kurudisha nyuma mambo yote na kuyaangalia upya, kila matembezi ya asubuhi, kila chai waliyokunywa jua likichomoza, yeye akizungumza na Popo akitikisa kichwa. Alidhani ana mpenzi msikivu. Kumbe mwenzake alikuwa anapigana asianguke.

"Basi nibadilike mimi," alisema ghafla. "Nitabadilishana zamu na Shangazi. Nitakaa macho. Urudi gazetini, mimi nitajifunza."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyelala kwenye nguzo?"

"Usinitanie, Popo, nasema kweli. Mwezi mmoja, miwili, mwili utazoea."

"Hauzoei." Utani ulimtoka wote. "Mwaka mzima nimeungoja uzoee. Unajua kuna siku nilisahau neno 'chumvi'? Nimesimama hapo mbele ya baba, naliona kopo, neno halipo. Najikwaa ngazini. Nacheka mahali pasipo na cha kuchekesha. Kila kitu nakisikia kwa mbali, hata wewe. Nikufanyie hivyo wewe? Mtu ninayempenda? Hata kidogo. Katika hilo usinisumbue."

"Lakini wewe ulikubali kufanyiwa."

"Mimi ni mwanamume."

"Ubongo haujui hilo, nimeshaangalia mia tatu."

Wote wawili walitaka kucheka na hawakuweza. Popo akasogea, akamshika mikono, vidole vyake vikavu kwa unga.

"Zimebaki siku kumi na tisa," akasema. "Kumi na tisa, nimeshapita mia tatu na arobaini na kitu. Mwache mtu amalize alichokianza. Tukishaoana tutaona."

"Tutaona nini? Baba anakukabidhi tanuri. Siku ya ishirini utakuwa wapi saa kumi alfajiri?"

Popo alizichezea kamba za aproni.

"Na mwaka wa kumi?"

"Nitaamka," alisema Popo. "Niite tu kwenye simu. Ukiita wewe, nitaamka. Mpaka nizeeke."

Hapo ndipo Kipenga alipokata tamaa. Kama angesema nimechoka, niache nipumzike, pangekuwa na mlango. Kama angekasirika, pangekuwa na mlango. Lakini aliahidi kwa moyo wote, na macho yake yalikuwa yanajifunga huku anaahidi. Kipenga alijua kwamba mwanamume huyu hatamwacha kamwe. Atafukuliwa kila siku ya maisha yake, akiwa na tabasamu, na mkono utakaomfukua ni wake. Pengine ule ubongo ulizaliwa hivyo na hakuna alichoharibu. Pengine ni yeye. Daktari mwenyewe hajui, na yeye hana miaka ya kusubiri utafiti uishe.

Alifikiri kukimbia wote wawili, waoane bila baraka. Popo angerudi gazetini. Yeye angerudi nyumbani saa tisa alasiri kumkuta mwenzake anajiandaa kuondoka, na yeye angeondoka alfajiri wakipishana mlangoni. Na alimjua Popo: angekaa macho asubuhi ili amwone, angejinyima usingizi ule ule kwa jina jingine. Kila upande alioshika ulimkatikia mkononi.

Mlango wa stoo ukafunguka. Baba yake aliingia na orodha, miwani kwenye paji la uso.

"Aa, mwanangu, upo? Vizuri." Mzee alimpigapiga Popo mgongoni, na vumbi la unga likatoka. Alikuwa anampenda kijana huyu siku hizi, na hakuwa anaficha. "Mkwe, kesho tuanze saa tisa. Shule zote mbili zimeagiza mikate. Utaweza?"

"Nipo, baba," alisema Popo. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Hayupo," alisema Kipenga.

Mzee aliwatazama kwa zamu. "Kesho ana dharura?"

"Hatakuja kesho, baba. Wala kesho kutwa. Hatakuja tena."

"Kipenga," Popo akasema kwa sauti ya chini.

"Ngoja," mzee aliinua mkono. Aliishusha miwani machoni, kana kwamba angemwona binti yake vizuri zaidi. "Kijana huyu ameniangusha lini? Hajakosa siku moja. Kama mmegombana, gombaneni, mpatane, ndiyo uchumba. Lakini neno kama hilo mbele yangu si la kuchezea. Ukilisema hapa limesemwa. Unamwacha?"

Popo aligeuka akamkabili. Alikuwa na unga shavuni na hakujua. "Sema hapana. Mpenzi, nakuomba. Sema hapana tu, mengine tutajua baadaye."

Kipenga alitaka kusema kwamba anampenda kuliko asubuhi zote alizowahi kuziamkia. Kama angelisema, Popo angebaki. Kwa hiyo hakulisema.

"Ndiyo, baba," alisema. "Namwacha."

Kazi yake ni kuangalia. Miaka saba amelipwa kuona vitu ambavyo watu wengine wanavipita, doa dogo kama punje, mstari uliopinda kidogo. Ndiyo maana aliona. Neno lilipotoka, kabla halijamfikia Popo moyoni, lilimfikia mwilini. Mabega yakashuka. Taya ikalegea, na lile kunyanzi la katikati ya nyusi, ambalo siku zote alidhani amezaliwa nalo, likafutika. Kwa muda wa pumzi moja uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, mtulivu, mzuri, na Kipenga hakuwa amewahi kuuona.

Kisha maumivu yakafika, na Popo akaanza kulia kwa sauti, mbele ya mzee, bila kujificha. Alimwita katili. Alimwuliza amemkosea nini zaidi ya kumpenda, akajaribu kufungua aproni, fundo likamshinda, mzee akaja akamfungulia. Alisema hatamsamehe. Kipenga alisimama kati ya magunia akayapokea yote, neno kwa neno, wala hakujitetea, kwa sababu utetezi wake pekee ulikuwa kile alichokiona, na kile asingeweza kumwambia mtu yeyote, Popo mwenyewe akiwa wa kwanza: kwamba kabla ya kuumia, alikuwa amepata nafuu.